Kurasa Sitini na Moja za Mkunga

Jumatatu 4 Machi
Mvua: milimita 6.2. Ya kwanza msimu huu.

Naanza daftari jipya. Lile la kiangazi nimeliweka chini ya nguo, lina siku ambazo sitaki kuzirudia.

Ikiwa siku moja litasomwa na mtu asiyenijua: nilifanya kazi kituo cha hali ya hewa miaka thelathini na moja. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, nilipima mvua na kuandika. Sasa nimestaafu, lakini kipimamvua changu kipo uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, na saa tatu ikifika nami nipo hapo. Mke wangu alikuwa mkunga. Watu wote walimwita Mkunga, hata mimi, hata ndugu zake. Alifariki Desemba.

Binti yetu amepiga simu jioni. Anataka kompyuta ya mama yake itengenezwe ili tuwe tunaonana.

"Baba, sauti naisikia, lakini sijui kama unakula."

"Nakula."

"Ndiyo maana nataka nione."

Jumanne 5 Machi
Mvua: 0.0. Mawingu tu.

Ijumaa 8 Machi
Mvua: 11.5.

Fundi wa kompyuta amekuja. Ni mwanamke, wanamwita Bisibisi kwa sababu haonekani bila bisibisi, huichomeka kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kalamu. Ana mimba ya miezi sita au saba. Alikaa mezani, akajaribu kuiweka kompyuta mapajani, ikateleza. "Eti ya kupakata," akasema. "Paja lenyewe limeshachukuliwa na mpangaji."

Sikucheka. Niliona ni mtu wa mzaha kwenye kazi isiyotaka mzaha.

Alipoinua kifuniko kioo kikawaka, na maandishi yakatokea. Sikuyategemea. Nilidhani nitaona kioo cheusi.

"Mzee, hii haijazimwa tangu lini?"

"Mke wangu alikuwa haizimi. Anaifunika tu."

"Kama sufuria?"

"Kama sufuria."

Nilijua Mkunga anaandika kitu. Kwa miaka miwili alikaa mezani kila alasiri akibonyeza kwa vidole viwili, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtu anayetunga uzi. Nikimuuliza anasema, "Nahesabu watoto." Kumbe kweli. Aliandika kila mtoto aliyempokea, mmoja mmoja, maneno machache. Nilisoma mistari mitatu nikiwa nimesimama nyuma ya fundi, nikalazimika kwenda kutazama kipimamvua ingawa haikuwa saa yake.

Niliporudi Bisibisi alikuwa amekunja uso. Hati ile haina jina, yaani haijawahi kuhifadhiwa hata mara moja. Alipobofya mahali pa kuhifadhi, kioo kikawa cheupe. Tulikaa dakika ishirini.  Kiliporudi kilileta ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi.

Alinieleza hivi, na nilimwomba arudie ili niandike sawasawa: "RAM ni meza, mzee. Diski ni kabati. Mama aliandika mezani, hakuweka kabatini. Meza yake ndogo, GB mbili tu, na imejaa mpaka pa kusukumia karatasi hapana. Nikitaka kumwekea meza kubwa, ya GB nane, lazima nizime. Nikizima, kila kilicho mezani kinamwagika."

"Na kile cha kujihifadhi chenyewe?"

"Kilizimwa. Pengine aliona kinamchelewesha."

Akauliza ni mtu gani anaandika miaka miwili bila kuhifadhi. Nikamjibu kwamba kompyuta ilikuwa inamuuliza jina la hati, naye anakataa. Nilimwona kwa macho yangu. Kila mara alisema, "Mtoto hapewi jina akiwa tumboni. Ngoja azaliwe nimwone sura." Nami nilicheka.

Jumamosi 9 Machi
Mvua: 3.0.

Bisibisi alirudi bila kuitwa. Alitaka kujua kama kurasa zote zinafunguka. Chini ya kioo pameandikwa sitini na moja. Kila ukurasa unachukua dakika tano hadi kumi kuonekana, lakini ukiruka moja kwa moja hadi mwisho inawezekana, ila ni kwa kubahatisha. Aliruka. Mashine ikaganda kwenye ukurasa mmoja wa mwishoni, wa hamsini na saba, naye hakuwa na la kufanya ila kusoma kilichokuwa mbele yake. Nikiwa jikoni nilimsikia akicheka.

"Mzee, njoo uone alivyo—"

"Usiniambie. Nitafika mwenyewe."

Akataka kupiga picha kurasa zote kwa simu yake. Alisema siku moja inatosha, atakuja na mto wake wa mgongo. Nilimwambia nitanakili kwa mkono. Ukurasa mmoja kwa siku, kuanzia wa kwanza, bila kuruka.

"Miezi miwili, mzee? Na mvua hizi, na umeme huu?"

"Haraka haraka haina baraka."

Akajipigapiga tumbo. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi tumbo ninalo."

Betri, alinionya, ni ya kizee. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa wazi, inadumu dakika kumi na moja. Ikifunikwa inasinzia, na kitaa kidogo cha kijani kinapepesa, labda saa mbili, labda tatu. Hakuna ajuaye. Hicho kipimo sitakipima, maana kina jibu moja tu.

Jumapili 10 Machi
Mvua: 8.4.

Ukurasa wa 1. Nanakili hapa mistari ya kwanza, kwa kuwa ni ya kwanza:

"Wa kwanza kabisa. Mke wa mchoma matofali. Mikono yangu ilitetemeka kuliko yake. Akaniambia, dada, kaa kwanza upumue, mimi nitangoja. Msichana, kilo tatu."

Jumatatu 11 Machi
Mvua: 0.4. Ukurasa wa 2.

Jumatano 13 Machi
Mvua: 19.0. Umeme ulikatika dakika arobaini. Nilifunika, nikakaa nikitazama kitaa. Ukurasa wa 4.

Jambo moja linanisumbua. Hakufuata miaka. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa kazi anafuatwa na wa mwaka jana, halafu anarudi nyuma miaka ishirini. Mimi ningepanga kwa tarehe. Nimeanza kuweka tarehe kwa penseli pembeni pale ninapoweza kukisia.

Jumapili 17 Machi
Mvua: 5.5. Ukurasa wa 8.

"Mapacha wa mwalimu wa hesabu. Nilipotoka nje kumwambia ni wawili, akauliza, una uhakika? Nikamwambia, mwalimu, ingia uhesabu mwenyewe."

Nilicheka peke yangu mezani. Ni mara ya kwanza nyumba hii kusikia kicheko tangu Desemba, na kilinishtua kama mlango uliogongwa.

Jumatano 20 Machi
Mvua: 0.0. Ukurasa wa 11. Si mafuriko.

Niandike kwa nini nimeandika "si mafuriko".

Kuna mtoto mmoja ninayemngoja. Mwaka wa mafuriko daraja lilizama, na Mkunga alikuwa amelala kituoni kwetu kwa kuwa hakuweza kurudi. Alfajiri wakaletwa mwashi na mkewe, mke akiwa na uchungu. Kituo kipo mlimani, ndipo palipokuwa pakavu. Tulifunga madirisha yote kwa ajili ya dhoruba, ndani giza kama jioni. Mimi nilishika tochi. Mkunga alikuwa akisema "huku", nami nahamisha mwanga, "shusha", nashusha. Hakusema neno jingine nami kwa saa mbili. Mtoto alizaliwa juu ya meza ya chati za upepo.

Kile ambacho sijawahi kumwambia mtu, nakiandika hapa. Saa tatu ilifika nikiwa nimeshika tochi. Sikwenda kupima. Nilipima saa tatu na dakika arobaini, nikapata milimita 96.4, na kwenye rejista nikaandika saa tatu kamili. Katika miaka thelathini na moja huo ndio uongo wangu pekee wa kazini. Mkunga hakujua. Alikuwa ameinama, ananawa mikono.

Nataka kuona aliandika nini kuhusu siku ile. Labda hakunitaja kabisa. Kila siku nafungua ukurasa mmoja, natafuta neno mafuriko kabla ya kusoma mengine, halafu narudi juu na kuanza kwa utaratibu.

Alhamisi 21 Machi
Mvua: 2.2. Ukurasa wa 12. Si mafuriko.

Ijumaa 22 Machi
Mvua: 7.8. Ukurasa wa 13. Si mafuriko.

Alhamisi 28 Machi
Mvua: 14.1. Ukurasa wa 18.

Bisibisi ameleta RAM ya GB nane, iwe tayari. Ni kijiti kifupi cha kijani, kirefu kama kidole cha kati, chenye meno ya dhahabu upande mmoja. Aligeuza kompyuta juu chini huku ikiwa imesinzia, nikanyoosha mkono kumzuia, lakini alitaka tu kusoma karatasi iliyobandikwa tumboni mwa mashine. Akapima kwa macho, akasonya. Kijiti kina kipengo katikati ya meno, na kipengo hicho kimekaa siko. Ni RAM ya kizazi kingine.

"Ukiilazimisha?" nikauliza.

"Mzee, mke wako alikuwa mkunga. Alikufundisha kulazimisha?"

Huyu mwanamke ana mdomo. Lakini kabla ya kuishika RAM aligusa kwanza bomba la maji ili umeme wa mwilini umtoke, na aliiweka kwenye mfuko wake taratibu kama yai. Nilikosea kuhusu mzaha wake. Anatania kwa mdomo, mikono haitanii.

Aliuliza nimefika wapi. Nikamwambia kumi na nane. 

"Unajua ningeshamaliza."

"Najua."

Jumatatu 1 Aprili
Mvua: 22.7. Umeme ulikatika kabla sijafungua ukurasa. Sikunakili. Kitaa kilipepesa saa moja na dakika hamsini, umeme ukarudi.

Alhamisi 4 Aprili
Mvua: 9.9. Ukurasa wa 24. Nimeunakili wote, lakini huu ndio niliousoma mara nyingi:

"Huyu hakulia. Nilimngoja. Mama yake alimshika mpaka jua likahama dirishani. Baba yake, dereva wa trekta, akaniuliza kama wanaruhusiwa kumpa jina. Nikasema wanaruhusiwa. Tunalijua watu watatu. Hapa siliandiki."

Nakumbuka siku ambazo Mkunga alirudi nyumbani akanawa mikono mara tatu, akakaa kwenye ngazi ya nyuma bila kuongea. Nilidhani amechoka. Nilikuwa naleta chai na kurudi ndani kujaza chati zangu. Ningejua ningekaa.

Nimefuta tarehe zote nilizoandika kwa penseli. Nimeelewa anavyokwenda. Aliyezaliwa na alama shingoni anamkumbusha mwingine mwenye alama; mama aliyeimba anamkumbusha mama aliyetukana. Haitaki kupangwa.

Ijumaa 5 Aprili
Mvua: 1.0. Ukurasa wa 25.

"Wa muuza magodoro. Mama alisinzia katikati ya uchungu. Nikamwamsha, shoga, kuna mgeni mlangoni. Akasema, mwambie aje kesho."

Alhamisi 11 Aprili
Mvua: 31.3. Ukurasa wa 30. Si mafuriko.

Binti amepiga simu. Nadhani amezungumza na Bisibisi, maana alianza kwa ukali.

"Baba, kwa nini hutaki apigwe picha?"

"Nani?"

"Mama. Kurasa za mama. Dada fundi anasema siku moja tu ingetosha. Wewe unacheza na umeme."

"Nina utaratibu wangu."

"Najua utaratibu wako. Nimekua nao. Siku ya harusi yangu ulichelewa kanisani kwa sababu ya mvua."

"Dakika tano."

"Baba."

Nilimwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Ijumaa 12 Aprili
Mvua: 4.6. Ukurasa wa 31.

Siku mbaya ya kuandika ukweli, lakini daftari la uongo lina faida gani? Sinakili polepole kwa sababu ya utaratibu. Nanakili polepole kwa sababu asubuhi nikiamka kuna ukurasa ambao bado hajaniambia. Nikimaliza, Mkunga atakuwa amenyamaza. Sasa hivi bado anaongea, ukurasa mmoja kwa siku, baada ya chai. Zikipigwa picha zote leo nitazisoma zote leo, najijua.

Zimebaki thelathini.

Ijumaa 19 Aprili
Mvua: 40.2. Umeme unakuja na kwenda kama mgeni asiye na adabu. Ukurasa wa 37.

Bisibisi alipita na RAM sahihi. Kipengo kimekaa mahali pake. Tumbo lake limeshuka. Aliomba tena apige picha. Nikasema baada ya Jumapili. Akaniuliza Jumapili ipi.

Jumanne 23 Aprili
Mvua: 28.8. Ukurasa wa 41. Si mafuriko.

Nimempigia Bisibisi mwenyewe. Nimemwambia aje Alhamisi na simu yake na mto wake. Mvua hizi zimenitisha. Alisema, "Alhamdulillahi," halafu akasema, "Kwa nini si kesho?" Nikamwambia kesho kuna ukurasa wa 42.

Jumatano 24 Aprili
Mvua: 112.6.

Nitaandika yote kwa mpangilio, kama ripoti.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu. Umeme ulikuwa umekatika, sijui tangu saa ngapi. Mvua ilikuwa inapiga bati hata sikuisikia redio ya betri. Kitaa cha kijani kilikuwa kinapepesa. Nikakaa nacho.

Saa mbili na robo jirani alipita na koti la mvua, akasema nguzo mbili zimeanguka, umeme labda kesho. Hapo nilijua la kufanya. Karakana ya Bisibisi ina betri kubwa za jua. Ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Nilifunga kompyuta kwa mifuko miwili ya plastiki na taulo la Mkunga, nikaacha mwanya wa kuona kitaa. Nikavaa viatu. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na nane.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango.

Nikatazama uani. Maji yalikuwa yamekaribia mdomo wa kipimamvua. Sijawahi kuona hivyo tangu mwaka wa mafuriko. Nikajiambia, nikiondoka sasa yatafurika na kipimo kitapotea. Nikajiambia, imebaki nusu saa tu. Kitaa kinapepesa vizuri tu. Mara ya mwisho kilidumu. Nikaketi kwenye kiti cha mlangoni na mzigo mapajani, nimevaa viatu, nikangoja saa tatu.

Saa tatu kamili nilipima. 112.6. Niliandika. Nikatoka.

Njia ilikuwa matope mpaka kwenye kifundo. Kwenye kona ya mziba pancha nilisimama chini ya bati lake nikachungulia kwenye mwanya: kinapepesa. Mziba pancha akasema, "Mzee, umebeba mtoto?" Nikamwambia, "Ndiyo." Kwenye duka la mbao nikachungulia: kinapepesa. Nikaanza kukimbia. Nina miaka sitini na saba.

Bisibisi aliniona kwa mbali akafungua mlango, waya wa umeme tayari mkononi. Akafungua mifuko.  Akachomeka. Akabonyeza. Kompyuta ikaanza upya, na alama ya kampuni ikatokea kioo kizima. Hata mimi nilijua maana yake.

"Ilikuwa inapepesa kwenye duka la mbao," nikasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kwenye duka la mbao ilikuwa inapepesa."

"Kaa, baba. Kaa hapa." Ni mara ya kwanza ananiita baba.

Alichakura kila pembe ya mashine hadi saa nane, amesimama, mkono mmoja kiunoni. Hakupata hata herufi. Kisha akaniuliza, kwa upole, siyo kwa kulaumu: "Umeme umekatika tangu alfajiri. Ulikuwa wapi asubuhi yote?"

"Nilikuwa napima mvua."

Alhamisi 25 Aprili
Mvua: 17.0.

Ijumaa 26 Aprili
Mvua: 6.1.

Jumamosi 27 Aprili
Mvua: 3.3.

Nimempigia binti. Nilitegemea anifokee. Alilia. Nilikuwa sijamsikia akilia tangu mazishi.

"Nilikuwa nangoja umalize ndipo uniletee," akasema. "Sikutaka kukuharakisha sana. Mimi mwenyewe sijui yumo nani kwenye kurasa zile."

Mwezi mmoja na nusu nilisoma maandishi ya mama yake kila asubuhi, na sikumsomea hata mstari mmoja. Haikunijia akilini. Nilimwona binti mwenye haraka, mtu wa simu na mambo ya kisasa. Kumbe alikuwa ananiachia nafasi, nami nikaikalia yote.

Ijumaa 3 Mei
Mvua: 12.0.

Sasa hakuna cha kuzuia. Nilikwenda karakana mwenyewe nikamwambia Bisibisi aweke.

Nimeona kazi yote. Alitoa betri. Alifungua skurubu saba, akazipanga mezani kwa mpangilio ule ule wa mashimo yake, nilipenda hilo. Chini ya kifuniko palikuwa na vumbi laini la kijivu na unywele mmoja mrefu mweupe. Tuliuona wote wawili. Aliutoa kwa kibanio akaniwekea kwenye karatasi, nikaukunja.

Kijiti cha zamani kilibanwa na vishikio viwili vya chuma. Aliviachanisha kwa kucha, kikainuka chenyewe. Kile kipya alikiingiza kwa mshazari, kisha akakibonyeza kwa vidole gumba mpaka kikasema ta. Hakulazimisha.

Iliwaka kwa sekunde ishirini. Zamani ilichukua muda wa kuchemsha chai. Ni nyepesi, safi, haina kitu.

Jumanne 7 Mei
Mvua: 2.5.

Nimeanza kuchapa kurasa arobaini na moja kutoka kwenye daftari langu. Nachapa kwa vidole viwili. Baada ya mstari wa kwanza, ule wa mke wa mchoma matofali, nilibofya mahali pa kuhifadhi. Ikaniuliza jina.

 Kisha nikasema kwa sauti, "Samahani, mama. Huyu nampa jina akiwa bado tumboni." Nikaandika "Watoto wa Mkunga", nikahifadhi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Jumapili 12 Mei
Mvua: 0.0.

Tumeonana na binti kwa video. Amekonda, au ni mwanga. Ameniambia nimekonda. Nilimsomea ukurasa wa kwanza. Nilipofika kwa "dada, kaa kwanza upumue" alifunika uso kwa viganja. Tumepanga ukurasa mmoja kila asubuhi.

Jumatatu 20 Mei
Mvua: 1.2. Tumefika ukurasa wa 9.

Nilikwenda kwa Bisibisi kumrudishia mifuko aliyonifungia kompyuta siku ya kuweka RAM. Hajajifungua. Kila siku anasema kesho. Amekaa kwenye kiti cha nje ya karakana, miguu juu ya debe.

Nimekuwa na swali tangu Aprili na nilikuwa nalikwepa. Leo nimeuliza.

"Siku ile kompyuta ilipoganda ukacheka. Ukurasa wa hamsini na saba. Ulisoma nini?"

"Ulinikataza kukuambia."

"Sasa nakuomba."

 Akasema hakumbuki ukurasa mzima, kulikuwa na mtu wa kuuza viatu, na mtoto aliyezaliwa amefumba ngumi. "Lakini fungu moja nalijua neno kwa neno, kwa sababu nilikwenda nalo nyumbani nikamsomea mume wangu kwa kumchokoza. Lilikuwa la mafuriko."

Nikatafuta kalamu mfukoni.

Alilisema huku anatazama barabara, polepole, kama mtoto wa shule anayeogopa kuruka neno. Niliandika kwenye bahasha. Nalinakili hapa:

"Wa mke wa mwashi, mwaka wa mafuriko, juu ya meza ya chati. Mume wangu alishika tochi, mkono haukutetemeka. Saa tatu ikafika. Niliiona saa ya ukutani, nikamwona naye ameiona. Hakwenda. Aliandika uongo kwenye rejista yake nami nikajifanya nanawa. Wengine waliambiwa wanapendwa kwa maua. Mimi niliambiwa siku ile: kumbe ananipenda kuliko mvua."

Bisibisi akaniuliza, "Ndivyo? Nimeacha neno?"

"Hukuacha."

"Mume wangu nikamwuliza, na wewe unanipenda kuliko mpira? Akasema mpira gani." Akacheka, akashika tumbo, halafu akaona uso wangu akaacha kucheka. "Baba. Ulikuwa hujui kwamba anajua?"

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Siku ile alijua. Na tarehe ishirini na nne Aprili nilishika kitasa cha mlango, nikageuka nyuma kwa ajili ya mvua. Yote mawili ni mimi.

Ijumaa 24 Mei
Mvua: 0.8.

Mwashi bado yupo, nimeulizia. Mtoto wa kwenye meza ya chati sasa ni fundi bomba mwenye watoto watatu. Muuguzi wa zamani wa kliniki atanipeleka kwa akina mama wengine. Sitapata maneno ya Mkunga, lakini nitawauliza wao alisema nini siku ile. Kurasa ishirini ni watu wengi. Nimenunua soli mpya za viatu.

Jumamosi 25 Mei
Mvua: sikupima.

Nilikuwa namsomea binti ukurasa wa 14, mvua nyepesi inapiga bati. Akaangalia saa yake huko aliko.

"Baba, saa tatu imepita."

"Najua," nikamwambia, "tulia nimalize."